Dereva Wako Wamemfundisha Kunyamaza

Mathe,

Nimekasirika. Naanza hivyo kwa sababu wewe hukupenda mtu azungukezunguke, na pia kwa sababu nikianza na salamu za nyumbani nitalia, na nikilia sitamaliza. Nimemkasirikia Gitau. Nimemkasirikia Brian, ambaye hukumjua. Na kusema kweli nimekukasirikia hata wewe kidogo, kwa kutuacha kazi ikiwa bado mbichi hivi. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, ile ya dirishani. Hakuna aliyeniambia nihamie hapa, na hakuna aliyethubutu kuniambia nitoke.

Mathe, dereva wako wamemnyamazisha.

Ngoja nikueleze polepole, maana nikienda mbio nitatukana. Unakumbuka vile ulikuwa unamweleza kila mgeni anayeingia ofisini, hata wale waliokuja tu kuleta maji ya kunywa? Programu zetu haziongei na hifadhidata moja kwa moja. Kuna huyu wa katikati, tunamwita dereva, anachukua swali upande huu, anapeleka kwa seva, anarudi na jibu. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini siku seva haifikiki, au imekataa swali, huyu wa katikati atarudi na nini mkononi? Hapo ndipo ulikuwa unainua kidole. Ukasema majibu ni matatu duniani: kuna, hakuna, na sijui. Na ukasema dereva anayechukua "sijui" akaivalisha nguo za "hakuna" ni mwongo, afadhali asiajiriwe.

Mimi wiki yangu ya kwanza nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuo na kiburi changu chote, nikakuta mama wa makamo amevaa sweta, ofisi nzima inamwita Mathe, na maandazi kwenye kimfuko, ati ndiye ameandika maktaba yote ya kuongea na hifadhidata, na makosa ameyapa majina ya Kiswahili. Nani huandika hivyo? Kila mahali nilipopita makosa yana majina ya Kizungu. Wewe ulikuwa na SijapataJibu, kwa ule wakati mawasiliano yamekatika. NimesubiriNimechoka, kwa swali lililochukua muda mrefu kupita kiasi. HiiTayariIko, kwa mtu anayejaribu kuandikisha kitu mara ya pili. MwenyeweHayuko, kwa rekodi inayotaja mkulima au shamba ambalo halipo. Nikakuuliza kwa nini. Ukaniambia siku moja kosa litapenya mpaka kwenye skrini ya mtu ambaye hakusomea haya mambo, na siku hiyo liwe sentensi anayoielewa. Na ndani ya kila jina ulihifadhi ile namba ya kosa ya hifadhidata yenyewe, vile ilivyotoka, bila kuipaka rangi, ndiyo sisi mafundi tukija baadaye tujue ni nini hasa kilitokea.

Halafu ukanifundisha kurusha na kudaka. Bado nakusikia: "Kibet, dereva hajui ni nani ameuliza, kwa hivyo hawezi kujua la kufanya. Kazi yake ni kurusha. Anayedaka ni yule aliye na kitu cha kufanya. Kama huna cha kufanya, toa mkono, liache lipite." Uliniambia hivyo tukila chapati madondo, zile za maharagwe, pale kibandani chini ya ofisi, na mchuzi ukakudondokea kwa sweta, ukaufuta na kidole bila kunyamaza. Aki nakukosa.

Na sijasahau hospitali. Ulikuwa umelala umekonda mpaka bangili inapanda na kushuka mkononi, yule daktari kijana akaja akasema picha haijaonyesha kitu. Ukamwangalia. Ukamuuliza, "Umeangalia ukakosa, ama mashine haikuona?" Akarudi kuuliza, kumbe picha ilikuwa imetoka mbaya, hawakuweza kuisoma, mtu akaandika tu kwamba hakuna kitu. Walipopiga nyingine ndiyo wakaona ugonjwa wenyewe. Tukiwa nje kwenye baraza dada yako Wairimu alilia sana, akasema heri tungebaki bila kujua.

Sasa habari zenyewe.

Tulipokuzika kule Njoro mvua ilikuwa inanyesha, lori la viti likakwama, vijana wakalisukuma wakiwa na suti. Ungecheka. Baada ya hapo Gitau, na ubosi wake, alituita, akasema kampuni lazima iende mbele, akamleta Brian kutoka Nairobi. Na Brian si mtu mbaya, Mathe, hilo ndilo linaniudhi zaidi. Angekuwa mpumbavu ningelala vizuri. Ni kijana mwepesi, anasalimia kila mtu, anaosha kikombe chake. Lakini wateja walikuwa wanalalamika. Unawajua wale wa maua kule Karagita: skrini zetu za dawa ya wadudu ziko kwenye kila mlango wa grinhausi, na mtandao wao ukipotea, skrini inakuwa nyekundu na ile sentensi yako: "Sijapata jibu. Usiingie. Muulize supavaiza." Basi kina mama wa havesti wanasimama nje, waridi linafunguka huko ndani bila wa kulikata, supavaiza anapiga simu huku akipiga kelele. Kila asubuhi. Gitau akachoka. Akamwambia Brian atafute dawa ya huo wekundu.

Dawa ya Brian ilikuwa rahisi. Aliingia ndani ya dereva wako, akadaka makosa yote hapo hapo, aina zote, bila kuchagua. Akayaandika kwenye faili moja huko chini ambayo hakuna mtu huifungua. Halafu kwa yule aliyeuliza, akamrudishia orodha tupu. Hakuna kelele, hakuna wekundu. Alijaribu kwa ile skrini ya mauzo, ikaonyesha ukurasa mweupe tu, mtu akibonyeza tena mauzo yanatokea. Akasema, "Si unaona? Hakuna aliyeumia."

Kwenye mkutano nilisema hapana. Nilisema tena kwa sauti ya juu, na unajua sauti yangu ikipanda inakuwaje. Nikasema orodha tupu ni jibu, si ukimya, mtu ataisoma na kuamini. Gitau akacheka kidogo, akasema, "Kibet, Mathe amepumzika, na wewe pumzisha hizi drama zake." Ningemrushia kikombe. Badala yake nikaomba nipewe nafasi nipitie kila programu inayomtumia dereva, moja moja, kabla toleo jipya halijaenda kwa mteja yeyote. Gitau akakubali, nadhani ndiyo ninyamaze. Nikaanza.

Asubuhi niliyofika kwa ile programu ya dawa, Brian aliingia na chai yake, anatabasamu. Akaniambia, "Wale wa Karagita niliwawekea jana jioni, waonje. Kimya kabisa! Leo hawajapiga simu hata moja."

Mathe, niliruka kitini.

Kwa sababu nilikuwa naiangalia hiyo programu wakati huo huo, iko mbele yangu kwenye skrini. Ni kazi ya mkono wako. Mlango wa grinhausi unauliza swali moja tu: ni dawa gani zimepigwa humu ambazo muda wake wa kungoja haujaisha? Orodha ikiwa na kitu, nyekundu. Orodha ikiwa tupu, kijani, ingia. Kosa likirushwa, nyekundu pia, na ile sentensi. Ulikuwa umeiandika ukijua dereva wako akishindwa atapiga kelele. Sasa hapigi. Sasa mtandao ukikatika anarudi mlangoni na mikono mitupu, na mlango unafurahi, unawaka kijani.

Nikafungua ile faili ya Brian isiyofunguliwa. SijapataJibu. SijapataJibu. SijapataJibu. Zimepangana mpaka mwisho wa ukurasa, zote za asubuhi hiyo, zote kutoka shamba hilo, zilizotufikia kila mtandao wao uliporudi kwa sekunde chache, na zote zimedakwa zikazikwa hapo.

Halafu nikaangalia seva yetu hapa. Grinhausi ya mwisho, ile ya upande wa ziwa, ilikuwa imepigwa dawa alfajiri, ikaandikishwa mtandao ukiwa bado upo, na isifunguliwe mpaka siku inayofuata. Habari ilikuwa kwetu, Mathe! Iko salama, haijapotea, naisoma na macho yangu nikiwa Nakuru. Na kule mlangoni kuna watu wanaona kijani.

Nilimpigia supavaiza. Simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Baadaye alisema alikuwa kwenye chumba cha baridi na maua ya kusafirishwa, sawa, lakini wakati huo mimi sikujua, nilikuwa nampigia huku nikimwita majina. Nikampigia Wairimu, maana yuko havesti hapo hapo, simu imezimwa. Huwa wanaziacha kwenye makabati kabla ya kuingia kazini. Brian alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe, anauliza, "Nini? Kuna nini?"

Ndipo nikamkumbuka Kamau, yule wa bodaboda aliyekuwa anabeba wageni siku ya mazishi yako, jirani ya Wairimu. Akashika simu. Nikamwambia, "Kamau, acha abiria, acha kila kitu, kimbia pale getini, waambie grinhausi ya upande wa ziwa watu watoke, imepigwa dawa." Hakuniuliza swali hata moja. Mungu ambariki huyo mtu. Alifika, askari akamkatalia kuingia, ati hana kitambulisho cha shamba. Kamau akaegesha pikipiki katikati ya geti na kushikilia honi, hatoi mkono, anapiga nduru kama nyumba inaungua. Lori la maua likazuiwa nyuma yake, dereva wa lori naye akaanza honi. Ndipo meneja akatoka mbio kuja kugombana, Kamau akampa simu, nikamwambia. Nikasikia miguu ikikimbia, halafu simu ikakatika.

Nilikaa hapo. Brian alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati.

Walikuwa wameshaingia.

Si wengi. Kundi moja la havesti, na hawakukaa sana, kwa sababu walikuwa wameanza kukohoa na mmoja alikuwa ameshatoka kutapika. Walipelekwa kliniki wote. Wakaoshwa, wakabadilishwa nguo, wakawekwa wanaangaliwa. Wote wamerudi nyumbani, isipokuwa Wairimu. Yeye ndiye aliyekuwa ameingia mbali zaidi, kwa sababu ndiye aliyetangulia. Bado anakohoa usiku na mchana, na jicho la kushoto anasema anaona kama kuna moshi. Daktari amesema litasafika, tungoje. Tumekuwa watu wa kungoja.

Nilienda kumwona. Nikamkuta amekaa kitandani na leso kichwani, amefanana na wewe mpaka nikasimama mlangoni kwanza. Nilitaka kuomba msamaha lakini yeye ndiye alianza kunituliza. Akasema wenzake walisita pale mlangoni. Harufu bado ilikuwepo, mmoja akasema tungoje supavaiza. Na yeye akawaambia, "Aah, twendeni. Hii ni programu ya dada yangu, haijawahi kutudanganya." Akafungua mlango akatangulia.

Sikuweza kuwa hapo tena. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya kliniki, pale kwenye matangi ya maji, nikalia kama mtoto.

Sasa sikia Gitau. Ametuita, amefunga mlango, akasema kesho kuna mkutano kule shambani, meneja atakuwepo, wafanyakazi watakuwepo, na mimi ndiye nitakayesimama kueleza, kwa sababu wananijua tangu mazishi na wananiamini. Nieleze nini? "Utasema ni netiweki. Na si uongo, netiweki ilipotea kweli." Anasema shamba litafungiwa antena mpya, yetu zawadi, mambo yaishe. Nikamuuliza, na dereva? Akasema dereva abaki vile alivyo, wateja wanampenda, na wiki hii anaenda kwa mashamba mengine yote. Nikamwambia mtandao umekuwa ukipotea pale miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kuumia. Unajua kwa nini hakuna aliyeumia? Kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekubali kupigiwa kelele kila asubuhi. Akasema nishushe sauti. Sikushusha. Akaniuliza kama naipenda kazi yangu. Nikamwambia naipenda kuliko yeye. Nkt! Labda hapo nilizidisha.

Brian hajala vizuri tangu siku hiyo. Juzi alikuja kwa meza yako, akasimama kama mwanafunzi, akaomba nimwonyeshe yale majina. Tukakaa. Nikamwonyesha kila kosa, nani anapaswa kulidaka, na kwa nini dereva si mmoja wao. Akayarudisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, yote. Hata akaongeza kitu ambacho wewe ungekipenda: kosa likirushwa mlangoni, supavaiza anapata ujumbe papo hapo, na skrini inamwonyesha ni saa ngapi ilijibiwa mara ya mwisho, ndiyo kina mama wasisimame nje bure wakingoja kelele za simu. Kweli, Mathe, kidogo na wewe ulikuwa umekazana sana na wekundu wako. Walikuwa wanaumia kwa kusimama, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Brian alisikia walichosema, sema tu akakitibu mahali pabaya.

Toleo hilo liko tayari. Tumelijaribu, tumevuta waya wa mtandao makusudi, tumeizima seva katikati ya swali, kila mara dereva akapiga kelele na kila mara mlango ukakaa nyekundu. Lakini Gitau amekataza lisitoke. Anasema tukilituma sasa ni kama tumekiri. Kule Karagita kwa sasa wamezima skrini zote na kufunga kamba nyekundu milangoni. Kwa mashamba mengine bado dereva wako wa zamani anafanya kazi, hawajui chochote, na kesho nikisimama niseme "netiweki", yule bubu anawafikia.

Kwa hivyo unaelewa kwa nini nakuandikia leo. Chebet, mke wangu, ameniambia niseme ukweli halafu tutaona. Amesema hivyo huku akimvalisha mtoto viatu vya shule, bila kuniangalia, na nikajua anaogopa kama mimi.

Mchana huu Wairimu alipiga simu. Ameruhusiwa kutoka kwa ajili ya mkutano. Hakuzunguka, nyinyi wa kwenu hamjui kuzunguka. Akasema, "Kibet, kabla ya wale wakubwa kuniambia lao, niambie wewe. Tuliingia mle kwa sababu gani?"

Mathe, ningeweza kusema netiweki. Neno lilikuwa hapo mdomoni, limeoshwa, liko tayari.

Nikamwambia mtandao ulipotea kama siku zote. Nikamwambia ile programu ya dada yako ilikuwa imebadilishwa jioni iliyotangulia, ikaondolewa ule uwezo wa kusema haijui, na mlango ulipouliza ukapewa jibu ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Nikamwambia ni sisi, ofisi yetu, si netiweki na si dada yako. Akakohoa kwa muda mrefu. Nilidhani atakata simu, na angekuwa na haki.

Akasema, "Sawa. Basi wenzangu nao wasikie hivyo hivyo." Halafu akauliza mkutano ni saa ngapi.

Kwaheri, Mathe wangu. Nimekasirika bado, lakini si na wewe. Nakuahidi kesho nitayasema yote kwa mpangilio, bila kutukana mtu, na Brian amesema atasimama upande wangu, ingawa nimemwambia asijilazimishe. Kama Gitau atanifukuza, nitatoka na sweta yako iliyobaki kwenye kiti, hiyo simwachii. Na kama hatanifukuza, toleo letu linatoka kabla jua halijazama, kwa kila mlango. Lala vizuri huko Njoro.

Wairimu ameniambia nimwekee kiti cha mbele kabisa, kwa sababu lile jicho halioni mbali, na anataka kuniona nikisema.

Kibet